Chombo Kinachoinuka Juu ya Maji

Mnamo Septemba 2022, katika ghuba ya Saint-Tropez nchini Ufaransa, chombo cha timu ya Ufaransa kisicho na injini ya kukisukuma kilipimwa kikienda kilomita 99.94 kwa saa. Agosti 2025, mbele ya mji wa Sassnitz nchini Ujerumani, timu ya Denmark ilivuka kilomita 100 kwa saa. Hapa Kenya matatu hufungwa kidhibiti mwendo ili isipite kilomita 80 kwa saa. Mkazi wa Kaloleni, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, anayesikia ngurumo za Jogoo Road kila asubuhi ana kipimo cha kutosha cha kasi hiyo mbele ya mlango wake. Maswali ni mawili. Upepo mtupu unawezaje kukikimbiza chombo kupita gari? Na jambo hilo linamhusu nini mtu wa Eastlands, aliye zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini? Tuanze na swali la kwanza, maana la pili halijibiki bila hilo.

Kwanza tujue chombo chenyewe. Katamarani ni chombo chenye miili miwili myembamba iliyolala sambamba, ikiunganishwa juu kwa jukwaa. Aliyesafiri kutoka Dar es Salaam hadi Unguja kwa boti za Kilimanjaro za kampuni ya Azam amepanda katamarani, ingawa zile huenda kwa injini na miili yake haitoki majini. Chombo tunachokizungumzia kinaitwa F50. Kina urefu wa mita 15, upana wa mita 8.8 na uzito wa takriban tani 2.4, uzito usiofika ule wa matatu ya abiria 14 ikiwa imejaa. Kikishika kasi, miili yake yote miwili huwa hewani. Kinachobaki majini ni vipande vichache vyembamba tu, na siri yote imo katika vipande hivyo.

Adui wa kwanza wa kasi baharini ni maji yenyewe. Chombo cha kawaida kinapokwenda hufanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kusugua maji kwa ubavu wake wote uliozama. Ya pili ni kuyasukuma maji kando, na maji yaliyosukumwa hugeuka mawimbi. Kadiri chombo kinavyoongeza mwendo, wimbi la mbele hukua hadi chombo kikawa kama kinapanda kilima ambacho kimekijenga chenyewe. Nguvu hiyo inayokirudisha nyuma tuiite ukinzani wa maji. Nahodha wa jahazi anaijua vizuri: upepo ukizidi, jahazi hulala na kulia, lakini mwendo hauongezeki tena kwa kiasi kile kile. Basi mtu akitaka kasi kubwa, jibu lililo wazi ni kuutoa mwili wa chombo majini.

Kuutoa kunahitaji bawa. Ukikaa nyuma ya bodaboda na kukikunjua kiganja chako kikiwa kimelala, hewa hupita juu na chini bila kukisumbua. Kiinue kidogo ukingo wa mbele, na mara moja mkono unasukumwa juu. Kiganja kimeigeuza hewa kuelekea chini, na hewa nayo imekilipa kiganja kwa kukisukuma juu. Jaribio la pili lafaa kwenye bomba la uani. Shika kijiko kwa ncha ya mpini kikining'inia, kisha sogeza mgongo wake hadi uguse mkondo wa maji. Ungetarajia maji yakisukume kando. Badala yake hukivuta kijiko ndani ya mkondo, kwa sababu maji yanayopinda kuufuata mgongo wake huacha shinikizo dogo upande huo. Kusukumwa kutoka chini na kuvutwa kutoka juu: hivyo ndivyo bawa linavyoinua ndege, na hivyo ndivyo bawa la majini linavyoinua F50.

Tofauti iko katika kinachopita kwenye bawa. Mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani ina uzito wa takriban kilo 1.2. Mita moja ya ujazo ya maji ina takriban kilo 1,000, yaani zaidi ya mara 800. Kwa hiyo bawa dogo lililozama linaweza kubeba mzigo ambao hewani ungehitaji bawa kubwa mno. Kanuni ya pili ni ya mraba: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuinua huongezeka mara nne, ukiongezeka mara tatu, nguvu huongezeka mara tisa. Ndiyo maana chombo hiki kikienda polepole huelea kama mashua yoyote, kisha kikifika mwendo fulani huinuka. Kikishainuka ukinzani hupungua, ukinzani ukipungua mwendo huongezeka, na mwendo ukiongezeka nguvu ya kuinua nayo huzidi.

Mzunguko huo ukiachwa bila kuzuiwa, chombo kitaendelea kupanda hadi bawa litoke majini. Hapo hewa huingia juu ya bawa, nguvu hukatika ghafla na chombo huanguka. Kwa sababu hiyo mmoja wa mabaharia kazi yake kuu ni kusimamia urefu wa kuruka, akibadilisha mlalo wa mabawa kwa vitufe kila sekunde. Jumla yao kwa kawaida ni sita. Mmoja hushika usukani, mmoja hurekebisha bawa la upepo, mmoja husimamia kuruka, wawili huzungusha vishikio kwa nguvu za mikono ili kulivuta bawa la upepo, na mmoja hupanga mbinu akitazama vyombo vingine. Upepo ukiwa hafifu idadi hupunguzwa ili chombo kiwe chepesi.

Sasa tuje kwenye upepo. Wengi hudhani chombo cha tanga hakiwezi kuupita upepo unaokisukuma. Hilo ni kweli kwa chombo kinachosukumwa moja kwa moja kutoka nyuma, kama karatasi barabarani. Lakini chombo kinachoukata upepo kwa ubavu kina hali nyingine. Bana mbegu mbichi ya chungwa kati ya vidole viwili: inachomoka mbele kwa kasi kuliko mwendo wa vidole vyenyewe. Chombo cha tanga nacho kimebanwa, upande mmoja na upepo ulio kwenye tanga, upande wa pili na maji yaliyo kwenye mkuku, na njia pekee iliyo wazi ni kwenda mbele.

Tuandike hesabu yake ubaoni. Upepo halisi, yaani ule anaouhisi mtu aliyesimama ufukweni, uwe kilomita 20 kwa saa, na chombo kiukate kwa pembe ya nyuzi 90. Chombo kikienda kilomita 20 kwa saa, mabaharia hupokea pia upepo wa mwendo wao wenyewe, ule ule unaompiga abiria wa bodaboda hata siku iliyotulia. Pepo hizo mbili zikiunganishwa hufanya upepo mmoja wa takriban kilomita 28 kwa saa, na hutokea mbele zaidi kuliko ule halisi. Chombo kikifika kilomita 60, upepo unaohisiwa huwa takriban kilomita 63 kwa saa, nao huja karibu usoni, kwa pembe ya nyuzi 18 hivi. Kwa maneno mengine, chombo hujiongezea upepo kwa kukimbia. Sharti ni moja tu: kiwe na tanga linaloweza kufanya kazi upepo ukitokea karibu mbele kabisa.

Tanga la kawaida la kitambaa hupata taabu na sharti hilo, kwani hupigapiga na kupoteza umbo. F50 haina tanga kuu la kitambaa. Ina bawa gumu lililosimama wima, la kawaida likiwa na urefu wa mita 24, na lipo fupi la mita 18 kwa siku za upepo mkali. Chombo hiki basi ni ndege iliyogawanywa: bawa moja limesimama hewani kuvuta mbele, mengine yamelala majini kubeba uzito.

Bawa la urefu huo likipigwa na upepo wa ubavu, kwa nini chombo kisipinduke? Watu wa pwani waliulizana swali hilo karne nyingi zilizopita. Ngalawa ni gogo lililochongwa jembamba, nalo peke yake lingepinduka kwa tanga dogo tu. Mafundi waliongeza matengo mawili, mbao nyepesi zinazoshikiliwa mbali na gogo kila upande kwa miti. Walipata upana bila kuongeza uzito mwingi. Katika mashindano ya mashua ya Lamu utaona njia nyingine: mabaharia wamepanda juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa joshini, yaani upande unakotokea upepo, na miili yao inakuwa uzito wa kukirudisha chombo kilichotaka kulala demani. F50 inatumia kanuni hizo hizo. Upana wake wa mita 8.8 ni kazi ya matengo. Vibawa vilivyo mwisho wa usukani wake wa joshini hutegwa vivute chini, na hiyo ni kazi ya wale mabaharia wa Lamu.

Kasi hii ina kikomo, na mkazi wa Nairobi anakielewa kuliko wa Mombasa. Githeri huchelewa kuiva hapa kuliko pwani, kwa kuwa jiji liko juu, hewa inayoyakandamiza maji ni kidogo, na maji huchemka kwenye takriban nyuzi joto 95 badala ya 100. Shinikizo likipungua, maji huchemka mapema. Juu ya bawa la majini shinikizo hupungua kadiri kasi inavyopanda. Kuanzia karibu kilomita 90 kwa saa hupungua kiasi kwamba maji huchemka yakiwa baridi. Mapovu hujaa juu ya bawa, mshiko hupotea, na mapovu yakipasuka huweza kuuchimba uso wa bawa. Kila kilomita inayoongezwa juu ya hapo hununuliwa kwa umbo jipya la bawa. Mapema 2025 mabawa ya F50 yalibadilishwa kutoka umbo la herufi L kuwa la herufi T iliyopinduliwa.

Tukishaelewa chombo, tutazame mashindano. Ligi inayovitumia vyombo hivi ni SailGP. Ilianzishwa na tajiri wa Marekani Larry Ellison pamoja na nahodha wa New Zealand Russell Coutts, na mbio zake za kwanza zilifanyika Sydney, Australia, Februari 2019. Mbio moja huchukua kama dakika 15, karibu na ufuko ili watu waone. Australia ilichukua ubingwa wa misimu mitatu ya kwanza, Uhispania ikashinda 2024, na Uingereza ikashinda fainali ya Abu Dhabi mwishoni mwa Novemba 2025 kwa zawadi ya dola milioni 2. Timu zilikuwa 12. Hakuna hata moja iliyotoka Afrika.

Kanuni mbili za ligi hiyo zafaa kukumbukwa. Ya kwanza: vyombo vyote ni vya umbo moja, na takwimu za kila chombo huwa wazi kwa timu zote. Anayeshindwa leo anaweza kuona usiku huo huo mshindi aliweka bawa lake kwa pembe gani. Ya pili: waamuzi hawakai baharini. Hukaa katika chumba jijini London, wakiamua kwa picha na vipimo mbio zinazofanyika maelfu ya kilomita kutoka walipo. Tutairudia kanuni hii.

Yapo na ya kutahadharisha. Mwaka 2013, wakati vyombo vya aina hii vikijaribiwa kwa ajili ya mashindano ya matanga ya Kombe la Amerika huko San Francisco, baharia Mwingereza Andrew Simpson, aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki, alifariki chombo chao kilipopinduka. Leo kofia ngumu, kisu na chupa ndogo ya hewa ni sehemu ya mavazi. Tena, bawa lenye makali likipita kwa kasi hiyo ni hatari kwa viumbe wa baharini. Machi 2024, huko Lyttelton nchini New Zealand, mbio za siku nzima zilifutwa kwa sababu ya pomboo mmoja aliyeonekana katika eneo la mashindano. Bahari yetu ya Lamu na ya Watamu ina pomboo na kasa, na nguva waliobaki wachache sana. Hoja hiyo haiwezi kurukwa.

Je, lipo taifa la karibu nasi lililojaribu njia hii? Lipo, nalo ni Oman, nchi ambayo ndani ya Maskati familia nyingi bado huzungumza Kiswahili mezani. Mwaka 2008 serikali yake ilianzisha taasisi iitwayo Oman Sail ili kuufufua ubaharia wa taifa. Mwaka uliofuata Mohsin Al Busaidi akawa Mwarabu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga bila kutia nanga. Timu ya Maskati ilichukua ubingwa wa mfululizo wa Extreme Sailing Series, mashindano ya katamarani, mwaka 2010, 2012 na 2013. Machi 2016 mfululizo huo ulipohamia vyombo vya GC32, vinavyoruka kwa mabawa ya majini, mbio za kwanza zilifanyika Maskati.

Mfano huo una mafunzo mawili yanayopingana, na ni haki kuyaeleza yote. La kwanza, miaka minane tu ilitenganisha mwanzo na mbio hizo za 2016. Oman ilianza na vijana wengi ambao hawakuwa mabaharia, ikawafunza kwa vyombo vidogo, na ikawaweka katika timu moja na manahodha Waingereza wenye uzoefu. La pili, Extreme Sailing Series wenyewe ulifungwa baada ya msimu wa 2018. Mashindano yanayotegemea mifuko ya wafadhili huweza kuzimika, na taifa lililoyajengea kila kitu hubaki na chombo bila pa kukipeleka. Ujuzi ulioingia vichwani mwa vijana hauzimiki nayo.

Upande wetu, hatuanzi na mikono mitupu. Upepo wa kaskazi na wa kusi hutufikia kwa majira yanayojulikana. Kenya ilikuwa na baharia katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Hata Nairobi palikuwa na matanga: Nairobi Dam, kando ya Kibera, lilikuwa bwawa la mashua za michezo kabla magugumaji na uchafu havijalifunika. Ufundi nao upo. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walizindua Flipflopi, jahazi la mita tisa lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mafundi walioweza kuhama kutoka mbao hadi plastiki ya taka bila kupoteza umbo la jahazi wanaweza kujifunza pia nyuzi za kaboni ambazo F50 imeundwa kwazo.

Kinachokosekana ni ngazi. Kati ya ngalawa na F50 kuna vidato vingi: mashua ndogo za watoto, kisha Nacra 17, katamarani ya watu wawili yenye urefu wa mita tano na ushei ambayo imekuwa ikiruka kwa mabawa ya majini katika Olimpiki tangu Tokyo, na ubao wa tanga wenye bawa ulioingia Olimpiki ya Paris 2024. Msumbiji, jirani wa bahari hii hii, ilipeleka wanawake mabaharia Tokyo. Sisi tuna ncha ya chini ya ngazi, na tunaitazama ya juu kwenye skrini.

Hapa ndipo Kaloleni inapoingia. Mtaa huu wa nyumba za mawe ulijengwa miaka ya 1940 kwa mikono ya wafungwa wa vita Waitaliano, na ukumbi wake wa kijamii ulikuwa mahali ambapo watu wazima walikusanyika kujifunza siasa ya uhuru, darasa ambalo wakati huo lilionekana kuwa mbali nao kuliko bahari. Anayedai kwamba mchezo huu si wetu kwa kuwa hatuna bahari amesahau wale waamuzi wa London, nao hawana bahari. Nyuma ya kila chombo wapo mhandisi wa maumbo, fundi wa nyuzi za kaboni, msomaji wa takwimu na mtabiri wa upepo. Kazi hizo huanzia kwenye kijiko chini ya bomba na hesabu ya pepo mbili, na mtoto wa darasa la saba wa hapa ana vyote viwili.

Hukumu yangu basi ni hii. Kenya isinunue chombo cha mabilioni wala isiombe kuletewa mbio za siku mbili ambazo zingeacha bango na deni. Ianze chini. Kaunti za Lamu, Kilifi na Mombasa zifanye mashindano ya ngalawa na mashua kuwa ya ratiba ya mwaka mzima yenye madaraja ya vijana, na kila chombo kinachoruka kiwekwe mbali na malisho ya nguva. Nairobi isafishe bwawa lake. Na walimu wa sayansi wa Eastlands wachukue somo la bawa, walifundishe uani, penye bomba na kijiko. Oman ilihitaji miaka minane baada ya kuamua. Sisi bado hatujaanza kuhesabu mwaka wa kwanza.